Hidrojeli kwenye tiba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara dirishani mwa duka la dawa, Moshi mjini

Hidrojeli zimeingia kwenye maduka ya dawa ya Moshi bila kelele. Zimo kwenye tyubu za vidonda, kwenye vidonge vya kisukari, kwenye matone ya macho na kwenye dawa ya kiungulia. Mteja mara nyingi hajui kwamba anazitumia, na akiuliza anajibiwa "ni jeli tu." Hapa tumeweka maswali yanayotufikia zaidi, pamoja na majibu ambayo tungependa kuyatoa siku ambazo foleni si ndefu. Kidonda chako hatukioni kutoka hapa, kwa hiyo anayekitazama kwa macho yake ndiye mwenye neno la mwisho.

Hidrojeli ni kitu gani hasa?

Ni maji yaliyoshikwa na wavu. Wavu wenyewe umesukwa kwa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayopenda maji, na minyororo hiyo imefungwa mafundo. Kupenda maji kunaifanya ivimbe. Mafundo yanaizuia isiyeyuke. Chukua mlenda: nao una minyororo mirefu inayopenda maji, lakini haijafungwa, ndiyo maana ukizidisha maji unakuwa mwepesi mpaka unapotelea sufuriani. Hidrojeli ukiizidishia maji inavimba hadi kipimo chake, kisha inagoma.

Jeli nyingi za vidonda ni maji kwa asilimia 70 hadi 90, na nyingine huzidi hapo. Matundu ya wavu huwa na upana wa nanomita 5 hadi 100 hivi, ilhali unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 au zaidi. Oksijeni, chumvi na molekuli ndogo za dawa hupenya. Bakteria hawapenyi.

Mafundo nayo hayafanani. Mengine ni ya kemikali, yakishafungwa yamefungwa. Mengine hushikana na kuachiana kutegemea joto, chumvi au asidi. Kumbuka tofauti hiyo, maana dawa nyingi zinazotajwa hapa chini zinaitegemea.

Kwa hiyo kila jeli ni hidrojeli?

Hapana. Mafuta mazito ya kujipaka yanayoitwa jeli hayana maji kabisa. Jeli ya altrasaundi, ile ya baridi wanayompaka mama mjamzito tumboni, ni ya ukoo huu: maji yaliyoshikwa na polima iitwayo kaboma. Kazi yake ni kufukuza hewa kati ya ngozi na kifaa, kwa sababu hewa hurudisha mawimbi ya sauti na picha haionekani. Vibandiko vya kifuani wakati wa kupima umeme wa moyo navyo vina hidrojeli, ila imetiwa chumvi ili ipitishe umeme.

Nani alianzisha haya mambo?

Kwa upande wa tiba, wanaotajwa zaidi ni Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, Chekoslovakia ya wakati ule. Mwaka 1960 walichapisha kwenye jarida la Nature makala fupi kuhusu jeli zinazopenda maji ambazo mwili hauzikatai. Wichterle alitaka kutengeneza lenzi laini za kuvaa machoni. Wakubwa wake hawakuvutiwa sana, basi Krismasi ya mwaka 1961 akatengeneza mashine nyumbani kwake kwa vipande vya Merkur, vifaa vya watoto vya kuchezea ujenzi, na kuizungusha kwa dainamo ya baiskeli. Ikatoa lenzi. Marekani iliruhusu lenzi laini za aina hiyo ziuzwe mwaka 1971, mwaka uleule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa Moshi.

Tangu utotoni tumeambiwa kidonda kiachwe kikauke. Leo mnatuuzia maji?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi kuliko yote, na anayebisha si mjinga. Kidonda kikavu kinaonekana safi. Kigaga kinaonekana kama dalili ya kupona.

Mwaka 1962 Mwingereza George Winter alichapisha majaribio aliyofanya kwa nguruwe, ambao ngozi yao inafanana na yetu kuliko ya wanyama wengi. Vidonda vya juujuu alivyovifunika visikauke vilifunikwa na ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka. Ngozi mpya haishuki kutoka juu. Seli zinatambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Panapokuwa na unyevu zinateleza. Penye kigaga inabidi zichimbe njia chini yake, na nguvu nyingi inaishia huko.

Ila unyevu si kuloana. Kidonda kinachotoa majimaji mengi ukikiongezea jeli yenye maji, ngozi ya pembeni inageuka nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, kisha inaanza kuchanika. Kwa hiyo unapouliza kama hidrojeli inafaa, jibu linaanza na hali ya kidonda: kikavu, au chenye nyama iliyokufa iliyogandamana, kinahitaji kuongezewa maji. Kinachovuja kinahitaji kitu cha kunyonya, kama bandeji ya aljineti, itokanayo na mwani, au povu maalum.

Nina kisukari na kidonda cha mguu hakiponi. Ninunue tyubu ya hidrojeli?

Usianze na tyubu. Anza na mguu.

Donda ndugu la mwenye kisukari lina mambo matatu nyuma yake: ganzi inayokuzuia usisikie maumivu, mishipa ya damu iliyobana, na uzito wa mwili unaokandamiza palepale kila hatua. Hakuna jeli inayofungua mshipa wa damu. Hakuna jeli inayokuondolea uzito juu ya kidonda huku unaendelea kukanyaga na kandambili zilezile. Fika kliniki, KCMC, Mawenzi au kituo cha karibu, wapapase mapigo ya damu kwenye unyayo, wapime ganzi, waangalie kama mfupa umeguswa. Ukishapimwa, hidrojeli inaweza kuwa msaada mkubwa.

Msaada wenyewe ni huu. Nyama iliyokufa, ile ya njano au nyeusi inayong'ang'ania, mwili unaweza kuiondoa wenyewe kwa vimeng'enya vyake ikiwa tu ina unyevu. Hidrojeli inailowesha, inalainika, na kila ukisafisha inatoka kidogo. Ni polepole kuliko kisu cha daktari, lakini haiumi na haimwagi damu.

Ukiruhusiwa kufanya nyumbani: nawa mikono kwa sabuni, osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, paka tabaka la jeli la milimita 5 hivi ndani ya kidonda, si juu ya ngozi nzima, kisha funika. Badilisha kila baada ya siku moja hadi tatu kadiri ulivyoelekezwa. Ukikuta bandeji imelowa chapachapa, jeli imezidi au kidonda kimebadilika. Rudi kliniki.

Na kuna hali moja ambayo tunamwomba mteja arudishe tyubu kabatini: kidole cheusi kilichokauka kama kuni, kisicho na mapigo ya damu. Hicho huwa kinaachwa kikavu makusudi mpaka daktari wa upasuaji aamue. Ukikilowesha unakigeuza kuwa mahali pa bakteria kuzaliana. Vivyo hivyo uwekundu unaosambaa, joto, harufu mbaya, usaha au homa: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si ya duka la dawa.

Mtoto kaungua na uji. Nimpake hidrojeli?

Maji kwanza. Maji ya bomba, ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili, na yanasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu aungue. Usitumie barafu. Usimpake dawa ya meno, mayai, unga wala mafuta. Mvue nguo iliyolowa uji na vitu kama bangili kabla hajavimba, na sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi, hasa mwezi wa saba kule Arusha au huku juu Kibosho.

Bandeji za hidrojeli za majeraha ya moto ni nzuri pale ambapo maji hayapo, kwa mfano kwenye gari la safari katikati ya Serengeti. Hupoza na kutuliza maumivu, na zikitolewa hazinyofoi ngozi. Kumzungushia mtoto mdogo bandeji ya baridi mwili mzima kunaweza kumshusha joto kupita kiasi. Jeraha lililo usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, lipelekwe hospitali.

Shubiri ninayo uani. Ute wake si hidrojeli ya bure?

Kikemia umekaribia sana: ni maji mengi yaliyoshikwa na sukari za minyororo mirefu. Tatizo ni kwamba ute wa jani lililokatwa uani hauna usafi wa kuingia kwenye kidonda kilicho wazi, na ule utomvu wa njano chini ya ganda unawasha. Kwa ngozi iliyochomwa na jua bila kuchubuka, hatuna ugomvi nawe.

Jeli inaachiaje dawa taratibu?

Kwa njia tatu kubwa. Dawa inaweza kupenyeza yenyewe kupitia matundu ya wavu, kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Au wavu unavimba na kufungua njia. Au wavu unaliwa na mwili kidogokidogo na dawa inatoka kadiri kuta zinavyobomoka.

Kuna kero moja ambayo watengenezaji wanapambana nayo tangu mwanzo. Molekuli nyingi za dawa tunazomeza zina ukubwa wa nanomita moja hivi au pungufu, na matundu, kama tulivyosema, ni makubwa kuliko hapo. Kwa hiyo dawa ndogo inayoyeyuka kwenye maji hukimbia ndani ya saa au siku chache. Protini kubwa hukaa zaidi. Kuizuia dawa ndogo isikimbie inabidi mafundo yawe mengi, au dawa ifungwe kwenye mnyororo wenyewe, au iwekwe kwanza kwenye vifuko vidogo kisha vifuko viwekwe kwenye jeli. Ukisikia mtu anasema ametengeneza jeli ya kukaa na dawa mwaka mzima, uliza dawa gani kabla hujapiga makofi.

Kidonge changu cha kisukari, metformini, kimetoka kizima chooni. Dawa imefanya kazi kweli?

Imefanya. Hili swali watu wanaliuliza kwa sauti ya chini, lakini wanaouliza ni wengi, na kuna waliosimamisha dawa kimyakimya kwa kudhani wameuziwa feki.

Metformini ya kawaida huyeyuka haraka. Ile yenye herufi SR, XR au ER kwenye boksi imechanganywa na polima itokanayo na selulosi, mara nyingi haipromelosi. Ikifika tumboni inanyonya maji na kidonge kizima kinageuka donge la hidrojeli. Dawa inapenyeza kutoka humo kwa saa nyingi, ndiyo maana mara nyingi unameza mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha jioni, na tumbo halisumbuki sana. Kinachotoka chooni ni ganda la jeli lililobaki tupu.

Kutokana na hapo unaelewa kwa nini tunakukataza kukitafuna au kukisaga kwa sababu tu ni kikubwa. Ukikisaga umevunja wavu, na dawa ya siku nzima inaachiwa kwa mkupuo. Ukishindwa kukimeza sema. Ipo ya kawaida ya dozi ndogondogo, na zipo za maji. Na pombe nyingi haipatani na metformini ya aina yoyote, iwe ya haraka au ya taratibu. Mbege ni pombe, hata ikinyweka kwenye kata ya ukoo.

Matone yangu ya presha ya macho yanakuwa mazito jichoni. Yameharibika?

Kama ni timololi ya kutengeneza jeli, hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Tone la kawaida huoshwa na machozi ndani ya dakika chache na sehemu kubwa inaishia kwenye tundu la pua. Hizi zina polima iitwayo jelani, ambayo ikikutana na chumvi ya machozi mafundo yake yanashikana papo hapo. Dawa inakaa zaidi, na mgonjwa anaweka mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Macho yatakuwa na ukungu kwa muda mfupi, kwa hiyo usiweke ukiwa unawasha bodaboda. Ukiwa na matone mengine, yatangulize, subiri dakika 10, hii iwe ya mwisho.

Na Gaviscon, ile dawa ya kiungulia, je?

Hiyo ni hidrojeli inayozaliwa ndani ya tumbo lako. Aljineti ya mwani ikikutana na asidi inaganda, na hewa inayotokana na baikaboneti inaifanya ielee juu ya chakula kama mfuniko, asidi isipande kooni. Ndiyo maana hunywewa baada ya kula na wakati wa kulala. Ukinywa tumbo likiwa tupu, mfuniko hauna cha kufunika na unapita zake.

Dada yangu aliwekewa kibandiko chenye kamba ili aanze uchungu. Nacho ni cha aina hii?

Inawezekana. Kipo kipande chembamba cha hidrojeli chenye miligramu 10 za dinoprostoni kinachowekwa ukeni karibu na mlango wa kizazi. Kinanyonya unyevu, kinavimba, na kuachia takriban miligramu 0.3 kwa saa kwa muda usiozidi saa 24. Uzuri wake ni kamba: uchungu ukizidi au mapigo ya mtoto yakibadilika, mkunga anavuta na dawa inakoma kuingia. Kidonge kilichoyeyuka hakivutiki. Ubaya wake ni kwamba kinahifadhiwa kwenye friza, na bei yake si ya kila hospitali. Misoprostoli, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, haihitaji friza na bei yake ni ndogo. Vyote viwili ni vya hospitali peke yake. Hatuuzi dirishani na usimtume mtu.

Vijiti vya uzazi wa mpango vya mkononi ni hidrojeli?

Hapana. Jadelle ni ya silikoni, Implanon ni ya plastiki nyingine. Havivimbi kwa maji. Mfano wa kipandikizi cha hidrojeli kilichowahi kutumika kwa binadamu ni cha histrelini, kinachoachia dawa kwa miezi 12, kilichotumika kwa saratani ya tezi dume na kwa watoto wanaobalehe mapema mno.

Nimesikia kuna jeli itakayomaliza sindano za insulini. Nisubiri?

Usisubiri, choma sindano yako. Wazo lipo na ni zuri: wavu wenye kemikali inayotambua sukari, damu ikipanda sukari wavu unavimba na kuachia insulini, ikishuka unafunga. Maabara zimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Ugumu ni kasi, maana wavu unachelewa kufungua na unachelewa zaidi kufunga, na kuchelewa kufunga ndiko kunakoangusha mtu kwa sukari kushuka. Duka la dawa la kukuuzia hiyo bado halipo, si Moshi wala kwingine.

Sindano ya jeli ya goti inasaidia? Na ile ya kuongeza makalio?

Ya goti ni asidi ya hayaluroni, kitu ambacho mwili wako una cha kwake kwenye ute wa viungo. Tafiti kubwa zimeonyesha nafuu ndogo. Mtu anayeuza mahindi yake ili achome, tunamshauri kwanza mazoezi ya paja na kupunguza uzito.

Ya makalio tunajibu kwa ukali kidogo. Jeli za poliakrilamaidi zilidungwa kwenye matiti ya wanawake wengi sana China kabla ya serikali yao kuzipiga marufuku mwaka 2006, baada ya malalamiko ya maambukizi, mabonge na jeli kuhamia sehemu nyingine za mwili. Haiyeyuki, na kuitoa yote karibu haiwezekani. Anayekuja kukuchoma chumbani kwako na chupa isiyo na jina, hata wewe ukimuuliza ni jeli gani hajui.

Kwa haki ya mizani, ipo jeli ya kudungwa ambayo imeleta nafuu ya kweli: ya polithilini glaikoli, inayowekwa kati ya tezi dume na utumbo mkubwa kabla ya tiba ya mionzi. Inausogeza utumbo mbali na mionzi, kisha mwili unainyonya ndani ya miezi sita hivi. Marekani iliiruhusu mwaka 2015.

Sisi ni wapagazi. Zile plasta nene za malengelenge wanazotuachia wageni ni hidrojeli?

Nyingi ni haidrokoloidi, ndugu yake. Hidrojeli huja na maji yake tayari. Haidrokoloidi huja kavu, ina chembe za selulosi, pektini au jelatini zinazonyonya majimaji ya lengelenge na kugeuka jeli pale pale mguuni. Ndiyo maana plasta inafura na kuwa nyeupe katikati baada ya siku moja. Watu wanadhani ni usaha na kuibandua. Iache mpaka ijitoe yenyewe. Ibandike kwenye ngozi safi na kavu, ipashe kwa viganja ishike, na lengelenge usilitoboe. Tungependa pia kuona kampuni zikiziweka kwenye boksi la huduma ya kwanza la wapagazi, si la mgeni pekee, kwa sababu anayebeba kilo 20 ndiye anayechubuka.

Nina lenzi laini na napanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru. Nifanyeje?

Lenzi laini ni hidrojeli, na juu kwenye kambi za Barafu au Kibo Hut maji yake yanaganda kama maji mengine. Lala na kijaluba chake na dawa yake ndani ya begi la kulalia, karibu na mwili. Hewa ya juu ni kavu na oksijeni ni kidogo, kwa hiyo za silikoni hidrojeli, zinazopitisha oksijeni zaidi, zinafaa kuliko za zamani, na usilale nazo machoni. Usizioshe kwa maji ya mto wala kwa mate: ndani ya maji kuna vidudu vya akanthamiba vinavyoweza kutoboa kioo cha jicho. Beba miwani. Tena beba miwani hata kama umesema hutaivaa.

Mwanangu amemeza shanga za rangi zinazovimba kwenye maji.

Kimbia hospitali sasa hivi, hata kama anacheza vizuri. Hizo ni hidrojeli kavu. Zinaingia ndogo kama punje ya mtama na ndani ya utumbo zinaendelea kuvimba kwa saa nyingi hadi kuziba njia. Nyingi hazionekani kwenye eksirei, kwa hiyo nenda na nyingine au pakiti yake daktari aone.

Zina kitu cha nguruwe?

Inategemea polima. Aljineti na karajinani ni za mwani, selulosi ni ya mimea, kaboma na polithilini glaikoli ni za kiwandani. Zenye jelatini au kolajeni ndizo za kuuliza, maana zinaweza kutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki. Asidi ya hayaluroni zamani ilitolewa kwenye upanga wa jogoo. Siku hizi nyingi hutengenezwa na bakteria. Kitosani hutoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Tuulize, tutakusomea kijikaratasi.

Mwani wa Zanzibar ndio unaotengeneza bandeji za aljineti?

Hapana, ingawa swali ni zuri. Unaolimwa Zanzibar, watu wanauita spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu, na hutoa karajinani. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi zaidi. Karajinani nayo inatengeneza jeli, na huingia kwenye vyakula, dawa za meno na maganda ya kapsuli. Sehemu kubwa ya mwani wetu husafirishwa ukiwa umekaushwa tu. Huo ni uchumi wa kusikitisha, lakini si mada ya leo.

Nitajuaje tyubu niliyonunua ni halali, na niihifadhi wapi?

Bandeji na jeli nyingi za vidonda husajiliwa kama vifaa tiba chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na neno la kuonyesha kwamba imetakaswa vijidudu. Ihifadhi kivulini, isigande wala isipate jua. Dashibodi ya gari Moshi mwezi wa pili si mahali pake. Nyingi hazina kihifadhi, hivyo ikishafunguliwa ni ya mgonjwa mmoja, na kama imeandikwa ya matumizi ya mara moja, iliyobaki itupe. Tunajua inauma kutupa.

Mimi ni mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Naweza kuiona hidrojeli bila maabara?

Chukua pampasi mpya, ichane, kung'uta ile poda nyeupe kwenye glasi. Ni sodiamu poliakrileti. Usiivute puani. Mimina maji safi: poda inaweza kunyonya mara mia kadhaa ya uzito wake. Sasa nyunyiza kijiko cha chumvi, koroga, na utaona jeli inaachia maji na kunywea. Kwenye maji ya chumvi kama ya damu inashika mara 30 hadi 50 tu, kwa sababu chumvi inapunguza ile tofauti ya mkusanyiko inayovuta maji ndani ya wavu. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini jeli inayofanya vizuri kwenye maji ya bomba inaweza kukuangusha kwenye kidonda. Ukitaka kuendelea na fani hii bila kwenda mbali zaidi ya mkoa jirani, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, ina skuli inayofundisha sayansi ya maada kwa ngazi za juu.

Ukimaliza jaribio, jeli itupe kwenye pipa la taka. Ukiimwaga kwenye sinki itavimba bombani, na fundi atakuuliza umefanya nini.